Mgeni wa Estonia Kwenye Pombe ya Suluhu

Alhamisi ya tarehe sita Machi, mwaka 2025, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Yoakimu Sulle, pale Maretadu. Yaliharibika mbele ya wazee, mbele ya mwenyekiti wa maji, na mbele ya mama mmoja wa Estonia aliyefika pale bila kutumia miguu.

Ugomvi ndio ulioleta pombe, kwa hiyo tuanze na ugomvi. Mwezi uliotangulia, kwenye mkutano wa kijiji, Yoakimu alisimama akamwambia Hilary, mwenyekiti wa kamati ya maji:

"Mwenyekiti, wewe na bomba langu mmezaliwa mapacha. Mkifunguliwa, wote wawili mnatoa upepo."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee nao walicheka, halafu wakakumbuka kwamba wao ni wazee, wakamwamuru Yoakimu apike pombe ya suluhu. Kumtukana kiongozi ni kosa. Kiongozi kukunyima maji si kosa, ni changamoto, na changamoto zinafanyiwa kazi. Zimefanyiwa kazi tangu Yoakimu akiwa kijana na bado hazijachoka.

Yoakimu hakuwa mtu mkali tangu kuzaliwa. Ila barabara ya kwenda Mbulu mjini ilikuwa inaahidiwa kila uchaguzi, na mke wake Marieta akapata bahati mbaya ya kuugua katikati ya uchaguzi na uchaguzi. Gari lililokuwa linampeleka hospitali lilizama matopeni, hakufika. Kuanzia hapo hakuna kiongozi aliyepita mbele ya Yoakimu akabaki mzima: mtendaji, diwani, mwenyekiti wa parokia, hata yule anayeongoza kwaya, ambaye kosa lake lilikuwa tu kunyoosha mkono mbele ya watu.

Nyumbani alibaki na binti yake, Oliva. Oliva aliishia kidato cha nne, akasoma cheti cha mifugo, akafuzu kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Mambo ya kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye simu, baadaye kwenye kompyuta aliyoinunua imetumika, akikaa nyuma ya nyumba kwa sababu kilima chao kinashika mtandao kuliko ofisi ya kata. Aliwahi kuomba kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja mjini, hatutaji jina. Wakamwambia nafasi ni ya wenye digrii. Wenye digrii hawakutokea, na kiti kile mpaka leo kinakaliwa na vumbi, ambalo hatujui lilisoma wapi.

Sasa kampuni moja ya Estonia ikamwona. Yoakimu alidhani Estonia ni jina la mtakatifu, mpaka alipoonyeshwa kwenye ramani. Wale hawakuuliza digrii. Walimpa mitihani ya kazi, akafaulu, wakasema atahamia huko kwao, limebaki jambo moja tu: waongee na mtu aliyewahi kufanyiwa kazi na Oliva, awaambie ni mtu wa namna gani. Na kazi kubwa kuliko zote aliyowahi kuifanya ilikuwa ya kamati ya maji. Kwa maneno mengine, kwa Hilary.

Oliva alimfuata Hilary nyumbani kwake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Ila siwezi kuisifia nyumba yenu wakati neno la baba yako bado liko tumboni mwangu. Hiyo ni kujilaani. Pombe inywewe kwanza, halafu nitakusifu mpaka wakupe ukurugenzi."

Basi siku ikapangwa. Wazee waje saa mbili asubuhi, wasuluhishe, na saa nne yule mama wa Estonia apige simu ya video, amkute Hilary ameshalainika. Mpango ulikuwa mzuri. Ila ulipangwa na mtu aliyezoea kompyuta, na kompyuta ukiiambia saa mbili inaelewa saa mbili. Machi ni mwezi wa palizi. Wazee walipalilia kwanza, wakanawa miguu, wakafika saa nne kasoro kidogo, wakaanza kusalimiana mmoja mmoja kama vile dunia ndiyo imeumbwa asubuhi ile.

Shangazi Genoveva, dada yake Yoakimu, ndiye aliyepika pombe. Aliuweka mtungi katikati, akafunika kibuyu cha kunywea juu yake, akamnong'oneza Oliva: "Hiyo kompyuta iweke mbali na moshi, mgeni wako asije akakohoa."

Mzee Renatus ndiye aliyeongoza sala. Sala ya suluhu inasemwa kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, mstari kwa mstari, na kila mstari wazee wote wanaitikia kwa sauti moja nzito. Ikishaanza haikatwi. Alikuwa hata hajafika kwenye kuombea mvua kompyuta ilipolia, na Oliva akaibonyeza. Uso wa mama wa makamo, mwenye miwani na nywele nyeupe kama pamba, ukatokea kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kigoda.

Mama yule alikuja na mashine ya kutafsiri. Yeye akisema kwao, mashine inasema Kiswahili kilichonyooka kama rula. Huku wakisema Kiswahili, kwake yanaandikika maneno ya kwao. Kiiraqw mashine haikukijua kabisa. Renatus aliposema mstari na wazee wakaitikia, mashine iliandika neno moja tu: muziki.

"Habari za asubuhi," mashine ikasema. "Nashukuru kwa kunipokea."

"Iiii!" wazee wakaitikia kwa pamoja, maana walikuwa bado wako kwenye mwendo wa sala.

"Ninafurahi kuwa nanyi leo."

"Iiii!"

Mama alisogeza miwani. Oliva akasogea mbele akitaka kueleza, lakini Renatus akainua fimbo.

"Kaa, binti. Mgeni ameingia sala inaendelea, kwa hiyo yumo ndani ya suluhu. Hatoki mpaka iishe. Na sala ikiisha tuongee Kiswahili, asije akadhani tunamsengenya."

"Mzee, huyu amekuja kwa mambo ya kazi tu..."

"Hata mimi nina kazi. Nimeacha maharage yangu na magugu."

Utaratibu wa suluhu ni huu, na Renatus, sala ilipoisha, aliueleza polepole ili mashine ielewe: kila aliye na neno tumboni dhidi ya mtu aliyepo analitoa lote, bila kuficha. Anayelalamikiwa anajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Likibaki neno moja halijajibiwa, kibuyu hakiguswi, na mtu wa nyumba inakofanyika suluhu hasafiri safari ndefu. Mama wa Estonia aliinamisha kichwa kwa heshima. Kwenye karatasi yake akaandika kitu.

"Vizuri sana," mashine ikasema. "Naomba nianze na bwana mwenyekiti. Oliva ni mtu wa namna gani kazini?"

Hilary akasimama, akavuta koti. Oliva alimtazama kama mtu anavyotazama wingu wakati nguo ziko kwenye kamba. Pombe ilikuwa haijanywewa. Hilary hakuwa amelainika. Tena alikuwa ndani ya suluhu, mahali ambapo mtu akisema uongo ng'ombe wake wanatupa mimba.

"Mimi nitasema kweli," Hilary akaanza, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. "Huyu binti alitutengenezea mtambo. Maji yakifunguliwa kwenye kitongoji chochote, simu za watu wote zinapata ujumbe. Nikampongeza. Baadaye nikamwita pembeni, nikamwambia, mwanangu, ile koki ya kuelekea kwangu iache, isitume ujumbe. Akakataa."

"Kwa nini alikataa?"

"Akaniambia mtambo haumjui mwenyekiti, unajua koki. Basi kila nikiwanywesha ng'ombe wangu kabla ya zamu, simu zinalia kijiji kizima. Hata ya mke wangu!"

Shangazi Genoveva aliziba mdomo kwa kanga. Haikusaidia. Wazee walipasuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akaangusha fimbo.

"Kwa hiyo," mashine ikauliza, "ulimwamuru kama kiongozi, akakataa amri yako?"

"Alikataa. Ana kiburi kama baba yake. Na hilo ndilo neno langu."

"Asante. Hilo ndilo nililotaka kulijua."

Oliva alishika kichwa. Miaka yote ya kukesha nyuma ya nyumba, imezama kwa sababu ya koki moja. Yoakimu yeye alikuwa kimya. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeogopa, kwa sababu Yoakimu kukaa kimya mbele ya mwenyekiti ni kama mbwa kukaa kimya mbele ya nyama: kuna kitu amekiona kikubwa zaidi.

Oliva alimjibu Hilary kwamba hakukusudia dharau, kisha Hilary na Yoakimu waliombana msamaha kama inavyotakiwa, wakashikana mikono, kila mmoja akiangalia upande wake. Renatus akauliza: "Kuna mwingine mwenye neno?"

"Ninalo," Yoakimu akasema. Akavua kofia, akaenda mpaka mbele ya kigoda, akainama. "Mama, habari za kwenu? Mvua inanyesha?"

"Theluji," mashine ikajibu.

"Pole. Mimi ndiye baba. Sina ugomvi na kazi yenu. Hamkutaka digrii, mmetaka mtu, hapo mmewashinda wakubwa wetu. Lakini nina neno na wewe. Mama yake huyu aliugua hapa hapa, katikati ya ndugu zake. Wenye magari walikuwepo, wenye vyeo walikuwepo, na bado aliyekaa naye kumkorogea uji alikuwa huyu Oliva. Sasa mnampeleka mahali ambapo hana hata jirani wa kugombana naye. Akiugua huko kwenu, nani atakaa naye?"

Mama wa Estonia alisoma maneno yalivyoandikika kwake. Akavua miwani. Akafungua mdomo, na hapo hapo uso wake ukaganda, mdomo wazi, na kiduara kikaanza kuzunguka juu ya pua yake. Halafu giza.

"Amekimbia?" Genoveva akauliza.

"Ni mtandao, shangazi."

"Wakubwa wote ukiwauliza swali wanapata mtandao mbaya."

Hilary aliutazama mtungi kwa huzuni ya kweli. "Mzee Renatus, yule ni mgeni. Hatuwezi kunywa tu, yeye atajibu kesho?"

"Neno halijajibiwa," Renatus akasema, akachukua fimbo yake. Wazee wakarudi kwenye palizi na koo kavu, wakilaani Estonia kwa Kiiraqw.

Jioni Oliva alimkuta baba yake akifunga ndama.

"Baba, ulifanya makusudi."

"Mimi? Mimi nilifuata mila. Waulize wazee."

"Unacheka."

"Ni jua."

Jua lilikuwa limeshazama.

Wiki iliyofuata jibu la kampuni likaja, na lilikuwa la kazi: amekubaliwa. Yule mama aliandika kwamba walikuwa wanatafuta mtu asiyewaachia wakubwa mlango wa nyuma, na hajawahi kusikia mtu akisifiwa vizuri kama mwenyekiti alivyomsifu. Hilary alipoelezwa, alitembea siku nzima akiwa hajui afurahi au akasirike. Lakini kuhusu lile neno la Yoakimu, mama yule aliandika mstari mmoja tu: Oliva atakuwa na bima nzuri ya afya.

Renatus aliletewa jibu hilo, akasomewa kwa Kiswahili, akafikiri.

"Hiyo bima ina mikono?"

"Hapana, mzee."

"Inajua kukoroga uji?"

"Hapana."

"Basi hajajibu."

Pombe ya kwanza ilichacha. Genoveva akapika nyingine, nayo ikachacha, na sasa anapika ya tatu huku akisema nchi hiyo ingekuwa jirani angeifuata mwenyewe na mwiko. Begi la Oliva liko mlangoni limefungwa. Yoakimu hulipita kila asubuhi bila kulitazama, akienda kuchungulia bomba lisilotoa kitu. Jana Oliva alimwandikia tena yule mama, safari hii hakuweka maelezo, aliweka maneno ya baba yake yalivyo, na mpaka sasa alama inaonyesha tu kwamba yamesomwa: akiugua huko kwenu, nani atakaa naye?