Pumzi ya Upande wa Kuume

Hakuna aliyebisha kwamba Mwavita alikuwa mwepesi wa krol, ule mtindo huru wa kuogelea. Hata wavulana wa mtaa wa Katindo walikubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini alipumulia kushoto tu. Kuume hakugeuka hata umpe dunia. Wenye midomo walicheka wakisema shingo yake ina kutu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao hawakujua kuume kulikuwa kwa nani.

Kulikuwa kwa Sylvie. Tangu wakiwa wadogo, wasichana hao wawili walifanya mazoezi bega kwa bega katika ziwa Kivu, Sylvie daima upande huo. Kocha wao, Papa Constant, aliwapenda kama binti zake. Kisha ukaja mwaka ule kambi ya Kibati, nje ya mji wa Goma, ilipofurika wakimbizi, na askari wakaushika ufuko waliouzoea. Papa Constant akawapeleka kwenye ghuba ndogo iliyozama kati ya mawe meusi ya volkano. Asubuhi hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Goma kila mtoto huonywa juu ya mazuku, hewa mbaya isiyoonekana, inayotoka ardhini na kulala mabondeni ikingoja mtu. Wazee husema ni mizimu. Kinga yake ni kiberiti: moto ukizimika, kimbia. Papa Constant aliwasha kiberiti, kikawaka vizuri. Ila alikiwasha amesimama, mkono usawa wa kifua, na mazuku hulala chini, palepale mwogeleaji anapofungulia kinywa. Mwavita alikuwa bado juu ya jiwe akivaa kofia. Sylvie alitangulia, akapiga mikono michache, akatulia uso majini. Kocha alibana pumzi akaenda kumtoa, lakini hakutoa mtu hai.

Mwavita aliporudi ziwani baada ya msiba, alisikia mtu akipumua kuume kwake, nyuma ya sikio. Aliogopa sana. Aliogopa kwamba akigeuka ataukuta uso ule wa mwisho. Hakumwambia mtu, hata padri.

Miaka ikapita, yakafika mashindano ya kuchagua msichana mmoja wa kwenda Kinshasa. Mama yake, muuza vitenge wa soko la Birere, alikuwa ameshawatangazia wateja wote kwamba mtoto atapanda ndege.

“Mutoto wangu,” Papa Constant alimwambia kabla ya kuanza, “Louise atakuwa kuume kwako. Usipogeuka, hautamuona akikupita. Geuka mara moja tu.”

Mwavita aliongoza karibu njia yote, na pumzi ile ikamfuata. Ufuko ulipokaribia, kelele za watu zikapanda. Akamfikiria mama yake. Akajikaza, akageuka.

Alimwona Louise, yuko nyuma kidogo, anaweza kabisa kushindwa. Zaidi ya Louise hakuona kitu. Uso haukuwapo, na pumzi ilikatika. Miaka yote alikuwa ameogopa kumkuta Sylvie pale. Sasa alimkosa, na uchungu wa kumkosa ukamzidi ile hofu. Rafiki yake alikuwa amekufa kweli.

Akarudisha uso kushoto. Akapunguza mikono, akasikiliza. Pumzi ikarudi, polepole. Mwavita akaogelea taratibu ili asiiache nyuma, na Louise akampita.

Papa Constant alimsubiri ufukoni, amefura kama andazi.

“Nimeona umegeuka! Umemuona Louise! Juu ya nini ulirudisha kichwa?”

“Nikiangalia kuume hakuna mutu, Papa,” Mwavita alisema, meno yakigongana. “Nikiangalia kushoto ndiyo Sylvie anakuwako. Niko namusikia.”

Kocha akayageukia maji.

“Iko anapumua?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Anapumua, Papa.”

Mzee akaketi juu ya mawe, akalia mbele ya watu wote.