Jino la Siku ya Gulio

Fungu la tatu lilimponyoka Anastasia, karoti zikabingirika hadi tuta la chini. Akautazama mkono wa kushoto. Ulikuwepo, ila haukusikia kitu.

"Mama Glory, unazimwaga zijipande zenyewe?" mumewe, Tomasi, alimtania.

Anastasia alijaribu kukunja vidole, vikagoma. Tomasi akaja akaweka sikio kifuani pake, hadharani. Miaka minne sasa, tangu apachikwe vali ya chuma kwenye moyo, kifua hicho kiligonga tik, tik, na Tomasi alijisifu kwamba ameoa saa ya ukutani. Leo ilikuwa saa iliyoviringishwa blanketi.

Mchana walikuwa hospitali, mjini Morogoro.

"Homa ilianza lini, mama?" daktari aliuliza.

"Wiki ya tatu hii. Nimemeza dozi mbili za malaria."

"Ulipima?"

"Nilishuka Dakawa kuvuna mpunga. Sisi wa Mgeta, milimani, ukitoka Dakawa na homa, ni malaria. Nani anapima?"

"Na kabla ya Dakawa?"

"Niling'oa jino. Siku ya gulio."

"Ulimwambia aliyeling'oa kwamba una vali? Ulimeza dawa ya kinga kwanza?"

"Foleni ilikuwa ndefu, daktari. Na karoti zangu zilikuwa juani."

Daktari akaweka kalamu chini. Bakteria walipenya kwenye kidonda cha fizi, alieleza, wakafuata damu, wakaota kwenye vali. Kipande kimechomoka, kimeziba mshipa kichwani. Ndio maana mkono umekufa ganzi. Sindano za mishipa wiki sita, na pengine kupasuliwa tena Dar.

"Nikienda kuvuna kwanza nikarudi?"

"Hutarudi, mama."

Anastasia aliyasikia maneno hayo kama tangazo la msiba wa kijiji kingine.

"Wiki sita!" Tomasi alisema wodini. "Karoti zitaota ndevu kunizidi."

"Zing'oe wewe."

"Nani atafunga mafungu?"

"Wewe. Yatakuwa kama nywele za mlevi, lakini yatanunuliwa."

Tomasi akacheka peke yake. Nesi alifika na dripu, akampa mfuko: ndugu huondoka na vitu vya mgonjwa, wodi imejaa. Tomasi akakunja kanga, akakunja sweta. Akainua mabuti ya mkewe, akabaki ameyashika.

"Na haya?"

Anastasia aliyanyoshea mkono wa kulia.

"Hayo yaache."

Tomasi akainama, akayaingiza chini ya kitanda. Akayatoa tena, akayageuza, ncha zikatazama mlangoni. Tope la Mgeta lilikuwa bado bichi.