Kibao cha Bodil

Kosa lilianzia kwenye pochi ya ngozi. Evald Krag alipopanda meli ya Alvorada pale Lisbon, karani wa meli alimwomba pasipoti, naye akamkabidhi pochi nzima, kama alivyofanya kwenye kila safari kwa miaka arobaini na moja. Ndani mlikuwa na pasipoti mbili. Karani akazitoa zote, akatia alama mbili kwenye orodha yake, kisha akauliza bila kuinua uso, "Na mama?"

"Anakuja nyuma," Evald akajibu.

Maneno yalimtoka yenyewe. Bodil alikuwa akija nyuma siku zote. Hakupenda kukimbizwa, na kwenye kila ngazi ya kila meli alikuta jambo la kusimama kuliangalia. Safari hii hakuwa nyuma. Alikuwa amezikwa mwezi wa Oktoba, siku ya mvua, kwenye makaburi ya kanisa la kisiwa chao kidogo huko kusini mwa Denmark, na tiketi zilikuwa zimeshalipwa tangu kiangazi. Evald alifungua mdomo amsahihishe karani, lakini foleni ilikuwa imeshamsukuma mbele. Akaufunga.

Mtu mwingine angesema hilo ni dogo, litarekebishwa kesho. Lakini Evald alikuwa ameendesha kivuko cha kisiwani kwao miaka thelathini na minane, na kwa nahodha wa kivuko hakuna jambo kubwa kuliko kujua ana watu wangapi. Asubuhi alihesabu wanafunzi waliokwenda shule ng'ambo, Jumamosi jioni akahesabu walevi waliorudi. Hakuwahi kuondoka gatini akamwacha mtu, wala kufika upande wa pili akiwa na pungufu. Nyumbani Bodil alimtania kwamba anahesabu hata viazi kabla ya kuvitia chunguni, kisha anavihesabu tena vikiiva, kisije kikatoroka kimoja.

Alvorada ilikuwa meli ndogo na ya zamani, abiria hamsini na wanane kwenye orodha, haina mitambo ya kadi ya kuhesabia watu kama hizi meli za siku hizi zilizo kubwa kuliko akili ya mwenye nazo. Karibu na ngazi ya kushukia palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kibao cha shaba chenye jina la abiria. Ukishuka bandarini unakigeuza kikaonyesha upande mwekundu. Ukirudi unakigeuza tena, upande mweupe. Nanga haing'olewi mpaka ubao wote uwe mweupe. Evald alipouona ubao ule alifurahi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi anayoielewa. Ndipo akaona, pembeni ya kibao chake, kingine kilichoandikwa B. KRAG.

Alijua la kufanya. Ni kumwita Anselmo, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa meli, mtu wa Cape Verde mwenye mabega mapana aliyekuwa pale pale akikunja kamba, amwambie, ndugu yangu, hiki kitoe. Sekunde tano zingetosha. Badala yake alikifuta kwa mkono wa sweta mpaka kikang'aa.

Upweke wa melini ni mbaya kuliko wa nyumbani. Nyumbani kuna kuni za kupasua na mfereji wa paa wa kuzibua. Melini mtu hana hili wala lile, amekaa tu na bahari, na bahari haimuulizi habari zake. Siku mbili za kwanza Evald alizunguka akikagua maboya ya kuokolea na kuzikunja upya kamba alizoona zimekunjwa ovyo, hadi Anselmo akamwambia kwa upole kwamba mzee, umelipa upumzike, usituaibishe. Chumbani alitandika vitanda vyote viwili mwenyewe, vikanyooka kibaharia, na mhudumu akimgongea alipokea taulo mlangoni. Usiku mmoja alilala kitanda chake, usiku mwingine cha Bodil. Hakujua afadhali kipi.

Walipofika Funchal aligeuza kibao chake kikawa chekundu, na mkono haukuishia hapo. Ukageuza na cha pili. Akashuka mjini na siku ile hakuwa peke yake. Alimwonyesha Bodil ndizi zilizopangwa sokoni, wakakubaliana kwamba kahawa ya pale ni kali mno, akapanda vilima akisimama kila baada ya hatua kumi kumngoja. Waliporudi akavigeuza vyote viwili vikawa vyeupe. Hesabu ikatimia. Ikawa hivyo hivyo kisiwani La Palma na kisiwani Lanzarote.

Mezani alikaa na Hanneke, mkunga mstaafu kutoka Uholanzi, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Siku ya tatu Hanneke alimuuliza kuhusu sahani ya pili iliyokuwa ikiondolewa safi kila mlo. Evald akasema mke wake na bahari hawaivi chungu kimoja, amelala. Hanneke akasema pole, akamsogezea mkate. Tangu siku hiyo alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, na Evald akawa anakula haraka.

Asidhaniwe kuwa alikuwa amerukwa na akili. Alijua fika Bodil yuko wapi. Ila safari hii ilikuwa ya Bodil. Picha ya Essaouira, mji wa ukuta kwenye pwani ya Moroko, ilikaa kwenye mlango wa friji yao mpaka jua likaifubaza. Bodil alikuwa na hamu ya kuona mahali ambapo upepo wa jangwani unamwaga mchanga baharini. Na kila mwaka Evald alimwambia, mwakani, mama. Kivuko hakina mtu wa kunishikia zamu. Mwakani. Kisha mwakani ikaisha. Kwa hiyo alikuwa amekula kiapo kimoyomoyo kwamba jina lile litafika Essaouira, ndipo atakapokwenda kwa serahangi kusema ukweli. Siku moja tu ilikuwa imebaki.

Essaouira meli ilitia nanga nje ya bandari, abiria wakapelekwa mjini kwa boti ya meli. Nahodha Quintela, Mreno mfupi asiyependa kurudia maneno, alitangaza kwamba saa tisa na nusu kila mtu awe amerudi, kwa sababu upepo wa hapo alasiri hauna adabu. Evald aligeuza vibao viwili, akashuka. Akala dagaa wakubwa wa kuchoma pale wavuvi wanapouzia, akaondoka na mafuta mikononi, akatafuta mahali chini ya ukuta penye mzee auzaye chai ya nanaa. Akaagiza gilasi mbili. Moja akaiweka upande wa pili wa meza.

"Haya, ndilo hilo jangwa lako," akasema.

Kisha akangoja. Alikuwa ametegemea kwamba hapa, kuliko kote, atamhisi. Lakini upepo ulivuma tu, mchanga ukatua juu ya chai isiyo na mnywaji, na kiti cha pili kikabaki kiti. Hakukuwa na mtu. Pale Funchal alimhisi kwa sababu bado kulikuwa na mahali pa kumpeleka. Sasa alikuwa amemfikisha, na hapakuwa na mtu wa kumfikisha. Akainywa chai ya kwanza, akainywa na ya pili pamoja na mchanga wake, akalipa, akarudi gatini akiwa mzito miguu.

Boti iliruka juu ya mawimbi njia nzima. Alipanda ngazi ya meli amelowa mpaka mifupani, vidole vimekufa ganzi, akageuza kibao chake, akaenda chumbani na kujitupa kitandani na nguo zake zote. Usingizi ukamchukua.

Kilichomwamsha ni kipaza sauti. "Bibi Bodil Krag, chumba namba kumi na nne. Bibi Bodil Krag."

Hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile kwa ukamilifu tangu mchungaji alipolisoma kaburini. Evald alilala macho wazi akilisikiliza likiitwa mara ya pili, mara ya tatu, na aibu yake ni kwamba alifurahi. Alitamani wasiache. Ndipo mlango ukagongwa, na Hanneke akaingia bila kungoja.

"Evald, mkeo amebaki mjini?" akauliza. "Kibao chake chekundu. Anselmo na mwenzake wamerudi na boti kumtafuta."

Evald alikwenda dirishani. Bahari yote kati ya meli na ukuta wa mji ilikuwa nyeupe. Alitazama mawimbi yale kwa jicho la mtu aliyevusha watu maisha yake yote, na akajua kwamba yeye mwenyewe, katika siku zake bora, asingetuma boti. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemsahau Bodil, amegeuza kimoja tu, na kwa ajili ya kusahau huko watu wawili walio hai walikuwa kwenye maji yale.

Akapanda ngazi mbili mbili hadi chumba cha usukani. Nahodha Quintela alikuwa na darubini machoni.

"Nahodha, warudishe."

"Tulia, mzee. Mji wenyewe mdogo. Watampata tu."

"Hawatampata. Hayuko mjini."

Quintela akashusha darubini. Evald akajikaza. Watu wa kisiwa chao hawalii mbele za watu. Wakifiwa huchemsha kahawa na kuzungumzia hali ya hewa. Majirani walipokuja kumhani aliwaambia tu kwamba Bodil hayupo tena. Lile neno lenyewe hakuwahi kulitamka, hata kwa Kidenishi, hata peke yake.

"Mke wangu amekufa," akasema. "Tarehe kumi na nne Oktoba. Hakupanda meli hii. Mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza kibao chake."

Nahodha akaiweka darubini kando. Alichukua redio na kuwaita wenzake. Sauti ya Anselmo ikaja kwa vipande, upepo ukiila: walikuwa chini ya ukuta, na muuza chai alikuwa amewaambia kwamba mzee wa meli alikuja peke yake, akanywa gilasi mbili. Quintela akawaamuru warudi. Kisha akamtazama Evald na kumwambia asimame pale pale, aangalie. Hiyo tu ndiyo adhabu aliyompa.

Ilichukua dakika arobaini. Mara mbili boti ilipotea kati ya mawimbi, na mara mbili Evald alihesabu vichwa ilipoibuka: mmoja, wawili. Mmoja, wawili. Hakuwahi kuwa na hesabu ndogo namna ile, wala iliyomtesa vile. Walipopanda, mwenzi wa Anselmo alikuwa akitapika, na Anselmo mwenyewe alikuwa amepasuka juu ya jicho, damu na maji ya chumvi vikimchuruzika hadi kidevuni. Evald alimfuata kwenye ngazi, akamwomba msamaha.

Anselmo alimtazama kwa jicho moja. "Mzee," akasema, "wewe ni mtu wa bahari."

Akapita. Laiti angemtukana, Evald angepata pa kujibu.

Sauti ya Quintela ikashuka kutoka juu. "Krag! Siwezi kuondoka na ubao mwekundu. Kazi hii unaijua. Uweke sawa, unipe hesabu."

Abiria kadhaa walikuwa wamesimama pale ubaoni, Hanneke miongoni mwao. Wakampisha. Kibao cha Bodil kilikuwa bado chekundu, peke yake kati ya vyeupe vyote. Evald alikishika. Akikigeuza kiwe cheupe, atakuwa amesema yumo. Akikiacha chekundu, atakuwa amesema atarudi. Mwishowe akakitoa msumarini, akakitia mfukoni, na kuanza kuhesabu vilivyobaki, msumari kwa msumari, kidole juu ya kila jina.

"Hamsini na saba," akaita.

"Wote wamo?" Quintela akauliza kutoka juu. Ndivyo inavyoulizwa, kwenye kila chombo.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amelijibu swali hilo mara nne kwa siku bila kufikiri, na hata siku moja hakumwacha mtu.

"Wote wamo," akasema.

Mnyororo wa nanga ukaanza kupanda. Watu wakatawanyika kwenda kula. Hanneke alimgusa bega, akamwambia atamwekea supu, akaenda zake. Anselmo akarudi akiwa amefungwa bendeji, kuja kufunga lango la ngazi kama ilivyo kazi yake. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama akiutazama msumari mtupu.

"Nimeliita jina lake mji mzima," akasema. "Sokoni, kwenye dagaa, chini ya ukuta. Bodil, Bodil. Wenye maduka wakaniuliza nani, nikawaambia, basi nao wakaanza kumwita. Watoto pia. Tulivyoingia kwenye boti walikuwa bado wanaita."

Kisha akaenda. Evald alikaa chini kwenye kidato cha ngazi, mkono mfukoni umeshika kile kibao, na akalia kwa sauti, huku abiria wakimpita kwenda mezani.