Namba Tatu Katika Kopo

Mwalimu wetu Fentahun, tuliyemwita Gashe kwa heshima, alikuwa na kopo la nyanya alilolibandua karatasi yake mpaka likabaki bati tupu. Ndani aliweka vijiti vitano, kila kimoja na namba yake. Alilitaja kundi, akalitikisa kopo, akachomoa kijiti, na mwenye namba hiyo akasimama kujibu. Alama aliyopata mmoja ndiyo waliyopata wote watano.

"Hapa hakuna wa kufaulu peke yake wala wa kuanguka peke yake," alituambia siku ya kwanza ya somo lake. "Huko ndiko kujifunza kwa kushirikiana. Mkishapelekwa kwenye shule zenu, mkakuta watoto sabini kwenye chumba kimoja, mtanikumbuka."

Chuo chetu cha ualimu kilipanga wanafunzi watano watano, mmoja akiwaongoza wenzake. Kila mmoja alivaa shingoni kadi ya boksi yenye kazi yake. Dagnachew, namba moja, alikuwa kiongozi. Mimi, Sinidu, namba mbili, mwandishi. Kiingereza nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwisho, na mwandiko wangu ulisomeka. Lijalem, namba nne, alitunza muda. Emawayish, namba tano, alikuwa msemaji. Wubalem, namba tatu, alipewa kadi iliyobaki: mhimizaji. Kazi yake ilikuwa kufunga kila kikao kwa kumwambia kila mwenzake neno jema moja.

Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, ingawa sote tungekwenda kufundisha watoto wadogo kwa Kiamhari. Kwa Kiingereza, swali lilimfika Wubalem vizuri. Jibu ndilo halikutoka. Alisimama, shingo yake nyembamba ikajaa mishipa, na darasa likasubiri.

Mara ya kwanza kopo lilipotoa namba tatu, tulipata mbili kwa kumi. Wiki nne baadaye likatoa namba tatu tena. Tukapata tatu.

"Angalau tunapanda," alisema Lijalem tukiwa tunatoka nje. "Kwa mwendo huu, tutafaulu wajukuu wetu wakishaoa."

"Nisameheni," alisema Wubalem.

"Usiombe msamaha, dada. Siku ile ya mwisho kijiti chako kikitoka, wewe jifanye umezimia."

"Nikizimia mtanibeba?"

"Tutakubeba. Mpaka getini."

Tulicheka, na yeye alicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ulikuwa umebaki mchomo mmoja tu wa kijiti, wa mwezi wa Ginbot, ambapo mwenye namba angefundisha somo lililobuniwa na kundi lake, nao ulikuwa nusu ya alama zote. Wubalem alikuwa ameshakariri mwaka mara moja, na chuo hakikuruhusu mara ya pili. Akianguka, alikuwa anarudi kwao Gayint, siku nzima ya basi na nusu siku ya miguu. Aliwahi kuniambia kwamba shule ya huko, alikoanza darasa la kwanza, ilikuwa na mwalimu mmoja tu, na yeye alitaka kuwa wa pili. Hakuwa na mpango mwingine wowote. Nilimuuliza.

Sisemi kwamba hatukumsaidia. Kila siku saa kumi jioni tulikaa chini ya mikaratusi nyuma ya bwalo, tukitafuna shayiri ya kukaanga, nami nikamkaririsha. Nilihesabu: siku kumi na tisa. Alisema maneno yote vizuri tukiwa wawili tu. Akija Dagnachew, yalipotea.

Kisha tukapelekwa wiki mbili kwenye shule ya mazoezi. Nililiona somo la Wubalem la hesabu za kutoa, darasa la kwanza, watoto sabini na wawili. Aliwapanga wawili wawili, kila jozi ikapata maharage kumi na matatu na kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono. Mtoto mmoja anaficha baadhi ya maharage chini ya kikombe, mwenzake anayahesabu yaliyobaki nje na kusema mangapi yamefichwa.

"Sasa sikilizeni sheria," aliwaambia. "Wewe uliyeficha, unajua jibu. Si ndiyo? Basi mdomo wako una kazi moja tu. Kuuliza. Ukisema jibu, umemwibia mwenzako."

"Akikosea, nisimwambie?" aliuliza msichana wa mbele.

"Muulize yako mangapi nje. Muulize yalikuwa mangapi mwanzo. Atafika."

Chumba kilivuma. Hakuna mtoto aliyekaa bure, hata wale wa nyuma waliokuwa na mazoea ya kulala. Sauti yake haikukwama hata mara moja. Niliandika yote kwenye daftari la kundi, kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, na nikachora kikombe.

Dagnachew alilisoma daftari jioni ile, akalisoma tena.

"Hili ndilo somo letu la mchomo," alisema. "Gashe hajawahi kuona kitu kama hiki."

"Ni la Wubalem," nilisema.

"Ni la kundi. Liko kwenye daftari la kundi." Alifunga daftari. "Shida ni moja. Tukiwa nalo, na kijiti kikatoka chake, nani atalisema?"

Yeye alikuwa anatafuta nafasi ya kuendelea na chuo kikuu, iliyotolewa kwa mmoja tu. Mimi nilitaka kupangiwa shule iliyo karibu na mama yangu. Waliofaulu vizuri ndio waliochagua.

Gashe Fentahun alikuwa na sheria moja aliyoipenda sana: ushirikiano haulazimishwi. Mwanachama anayeona analirudisha kundi nyuma anaweza kuondoka, mradi wote watano wakubali, naye akiwa mmoja wao, na wote watano watie sahihi. Kisha ana siku tatu za kutafuta kundi jingine. Asiye na kundi hana alama. Gashe aliitoa sheria ile kwa wema, naamini hivyo hadi leo. Alidhani haitatumika bila hiari ya mhusika.

Ijumaa saa tisa alasiri tulifanya gimgema yetu, kikao cha kukosoana kilichokuwa kila wiki. Tulikaa mduara kwenye chumba cha nne. Dagnachew alianza kwa kujikosoa mwenyewe. Alisema yeye ni mwepesi wa hasira na anazungumza kuliko kusikiliza. Lijalem alikiri kuchelewa. Emawayish alikiri kunong'ona darasani. Mimi nilikiri kuandika polepole. Ilipofika zamu ya Wubalem, Dagnachew aliweka mikono magotini.

"Dada Wubalem, hapa hakuna adui yako. Unakubali?"

"Nakubali."

"Mara mbili umesimama, mara mbili tumeanguka. Ni kweli au nakuzulia?"

"Ni kweli."

"Emawayish ana wadogo zake wanne wanaomtegemea. Lijalem mama yake ni mgonjwa. Unajua mwenyewe Sinidu analala usiku saa ngapi kwa ajili yako. Unataka tuanguke wote?"

"Hapana, kaka."

"Basi sema wewe. Kundi hili lifanye nini?"

Alinitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikatazama kalamu.

"Nimejaribu," alisema.

"Hatujasema hujajaribu," alidakia Lijalem. "Hata punda wa baba yangu alijaribu kupanda ngazi. Tatizo lilikuwa ngazi."

Emawayish aliziba mdomo kwa shali. Dagnachew alimkemea Lijalem, akamwambia ajikosoe kwa hilo. Lijalem akajikosoa. Wubalem akaambiwa aseme kama amemsamehe, akasema amemsamehe. Yote yakaandikwa.

"Mtanipeleka kundi gani?" aliuliza.

"Utapata," alisema Emawayish. "Makundi ni mengi."

Yalikuwa kumi na moja, na yote yalikuwa yamemwona akisimama. Hakuna aliyesema hivyo.

Fomu ilikuwa kwa Kiingereza. Niliijaza mimi. Penye sababu, Dagnachew aliniambia niandike kwamba mwanachama ametambua mwenyewe kuwa hafai kazi ya ualimu. Nilimwambia hilo hakulisema. Alisema bila sababu nzito fomu itarudishwa, na tutaanza kikao upya, na je, nataka aketi tena hapo katikati kwa saa nyingine? Nikaona kwamba sitaki. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile, hauna hata kosa moja.

Tulitia sahihi wanne. Fomu ikamfikia Wubalem. Aliisogeza karibu na macho, akaweka kidole chini ya mstari ule, akaupitisha neno kwa neno kama nilivyomfundisha chini ya mikaratusi.

"Haya yote ninayaelewa," alisema, huku kidole bado kiko palepale. Kisha akaniuliza mimi, si Dagnachew: "Umeandika wewe?"

"Ndiyo."

Akatia sahihi.

Nilidhani tumemaliza. Lijalem alitazama saa, akasema zimebaki dakika sita. Dagnachew akageuza ukurasa wa ratiba.

"Kimebaki kipengele cha mwisho," alisema. "Mhimizaji afunge kikao."

"Dagnachew, acha," nilisema.

"Kikao kisichofungwa si halali. Unajua. Wewe ndiye unayeandika."

Wubalem alisimama. Kadi ilikuwa shingoni mwake. Alianzia kulia, kama kawaida yake.

"Lijalem, unatuchekesha. Emawayish, una sauti nzuri, watoto wa nyuma watakusikia. Kaka Dagnachew, hukati tamaa." Alifika kwangu. Lijalem alitazama saa tena. "Sinidu, umenifundisha kusoma."

Akavua kadi, akaiweka juu ya meza, akaisawazisha na ukingo wa meza, akatoka.

Siku tatu alizunguka. Nilimwona Jumamosi akiwa amesimama nje ya mduara wa kundi la saba, mikono nyuma, akisubiri waache kuzungumza. Nilimwona Jumapili baada ya kanisa na kundi la pili. Bwalo lilipofunguliwa Jumatatu mchana nilimwekea kipande cha mkate wa injera na mchuzi wa shiro kando ya sahani yangu, lakini hakuja. Matandiko yake yalikuwa yamekunjwa, na mizigo yake haipo. Aliacha maharage kumi na matatu ndani ya soksi chini ya mto, nami niliyachukua kwa sababu tulikuwa tunayahitaji.

Siku ya mchomo Gashe Fentahun alilitaja kundi letu, akatikisa kopo. Vijiti vilikuwa bado vitano. Hakuna aliyekumbuka kutoa kimoja. Akachomoa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Namba tatu. Namba tatu ni nani?"

Tulikuwa tumesimama wanne. Darasa zima lilitutazama.

"Nafasi iko wazi, Gashe," alisema Dagnachew. "Lakini kwetu hakuna namba tupu. Yeyote kati yetu anaweza kuijibu. Sinidu, nenda."

Nilikwenda mbele na kikapu cha vikombe vya kahawa na maharage. Niliwapanga wanafunzi wenzangu wawili wawili kama watoto. Niliwaambia sheria: anayejua jibu asiseme, aulize tu. Niliwaambia kwamba ukisema, umemwibia mwenzako. Chumba kilivuma. Gashe alikaa kwenye dawati kama mtoto, akafichiwa maharage matano na mwanafunzi wa kundi la saba, akakosea kwa makusudi, akaulizwa, akafika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani alibuni hili?" aliuliza.

Nilikuwa mbele ya darasa. Nilikuwa nimeshika kikombe kimoja.

"Kundi, Gashe," alisema Dagnachew kutoka nyuma.

Gashe alinigeukia ili nithibitishe. Nikainamisha kichwa, na kwetu hiyo ni ndiyo.

"Kumi kwa kumi," alisema. "Na muone jambo jingine hapa, walimu wa kesho. Mwenzao hayupo, lakini kazi yake haikuanguka chini. Hicho ndicho ninachowafundisha tangu mwezi wa Meskerem, mwaka ulipoanza." Aliomba fomu zetu za mwaka mzima, akasema atazibandika ukutani ili wanaokuja waone kundi lililofuata utaratibu mpaka mwisho.

Kisha akaona kadi iliyokuwa juu ya daftari langu.

"Hii ni ya nani? Kundi halikai bila mhimizaji."

"Achukue Sinidu," alisema Lijalem.

Niliipokea. Kamba yake ilikuwa fupi. Wubalem alikuwa ameipiga fundo ili isining'inie sana. Haikupita kichwani kwangu. Darasa zima lilisubiri huku nikilifungua lile fundo kwa kucha, na lilikuwa limekazwa vizuri, likachukua muda.