Nani Alichinja?

Gauni jeupe la Elsa lilikuwa limekwisha kupigwa pasi mara mbili, na mbuzi bado alikuwa hai. Alifungwa kwenye mpapai nyuma ya jiko, akitafuna maganda ya ndizi kwa utulivu wa mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Émérance alitoka nje mara ya tatu, akaitazama njia inayotoka upande wa msikiti, akarudi ndani amekunja uso. Kamaldine alikuwa ameahidi kufika mara tu baada ya swala ya alfajiri. Sasa jua lilikuwa limepanda juu ya mabati, misa ya komunyo ya kwanza ilikuwa saa tatu, na Kamaldine hakuonekana.

Katika mtaa wao wa Kasongo, Wakristo na Waislamu wameishi ua kwa ua tangu enzi za mababu. Mwenye sherehe, akitaka majirani wote wale chungu kimoja, kisu humpa Mwislamu. Si sheria ya serikali wala agizo la padri, ni adabu tu, na adabu hiyo Émérance aliikuta pale alipoolewa. Kwa miaka kumi na mitano hakupika nyama ya sherehe ambayo haikuchinjwa na Kamaldine. Na kila mara Mama Mwamvita, jirani wa ua wa pili, aliketi, akauliza kama anayeulizia hali ya watoto: “Nani alichinja?” Akijibiwa, alisema alhamdulillah na kunawa. Kwake lilikuwa neno la heshima, sehemu ya salamu.

“Alienda Kabambare kwenye matanga tangu Ijumaa,” alisema Gaston, mumewe, akijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. “Na mvua ya jana, na barabara ile, pengine pikipiki yake imekwama. Nichinje mi mwenyewe. Nyama iko nyama.”

Mzee Yakubu naye alikuwa mchinjaji, mwisho wa barabara. Kwenda na kurudi ni dakika ishirini. Émérance alimkumbuka, na hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alimkumbuka. Lakini mchele ulikuwa haujachambuliwa, nywele za Elsa zilikuwa zimesukwa nusu, na yeye, mwenyekiti wa akina mama wa shirika la parokia, hakutaka kuingia kanisani nyuma ya watu.

“Chinja,” alisema. “Mama Mwamvita nitamupikia samaki.”

Elsa alikuwa mlangoni, kichwa nusu kimesukwa. Alimwona baba yake akielekea kwenye mpapai.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri mno. Elsa alipokea mwili wa Bwana amefumba macho, viatu vyeupe miguuni, viatu alivyonunuliwa na Mwamvita. Ndiyo, Mwamvita huyohuyo, aliyemshika Émérance kwapani njia nzima hadi hospitali siku uchungu ulipomzidi, akamwogesha Elsa maji yake ya kwanza hapa duniani. Binti alimwita bibi, na hakuna aliyemfundisha. Émérance naye alikomunika, akarudi kwenye benchi, akaomba kwa moyo mweupe. Samaki wa mto Lualaba alikuwa tayari kwenye sufuria ndogo. Hakuona kosa lolote.

Wageni walijaa uani. Padri alipewa kiti chenye mito, akina mama wa shirika wakapanga sahani, na Mwamvita akaingia na kitenge kipya, akimbusu Elsa shavu hili na hili. Aliketi karibu na padri, akakunjua mikono.

“Mama Elsa, nani alichinja?”

Émérance alikuwa amesimama na upawa mkononi. Sufuria ya samaki ilikuwa mguuni pake. Alichotakiwa kusema ni kifupi: leo, mama, wewe kula samaki. Lakini wenzake wa shirika walikuwa wanamtazama, padri anamtazama, na ghafla akaona haya kumwambia mwanamke huyu, siku hii, kwamba nyama ya sherehe ya mtoto aliyemwogesha yeye haimfai. Haya hiyo ndogo ikamponza.

“Kamaldine,” alisema.

“Alhamdulillah.”

Mwamvita akanawa, akala, akasifu, akafyonza mfupa, akaomba na kipande cha kumpelekea dada yake Amisa, mgonjwa asiyetoka kitandani. Émérance alijaza bakuli la buluu mpaka likafurika, kana kwamba wingi wa mchuzi ungeweza kufunika kitu. Ng’ambo ya mkeka, Elsa alirudisha nyama yake kwenye sahani.

Kamaldine alifika saa tisa, wageni wengi wamekwisha kuondoka, suruali yake tope mpaka magotini. Alisimama kando ya jiko kama mwenye deni.

“Mama Elsa, unisamehe. Pneu ya pikipiki ilipasuka mbele ya kijiji cha Lusangi, tukalala njiani. Nimekuharibia sikukuu.” Akatazama masufuria matupu. “Lakini naona watu walikula. Nani alichinja basi?”

Swali lilelile, mara ya pili siku moja.

“Ni Baba Elsa.”

“Muzuri. Na Mama Mwamvita mulimupikia samaki?”

Émérance aliokota kijiko, akakifuta, akakiweka, akakiokota tena. “Nilimwambia ni wewe,” alisema. “Usimwambie, ndugu yangu. Nakuomba.”

Kamaldine alikwangua tope mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulikata kuliko kisu chake.

“Mi siwezi kumwambia,” alisema. “Lakini kesho tukikutana njiani atanishukuru juu ya ile mbuzi. Nitamujibu nini?”

Hakungoja jibu. Aliaga, akaondoka, na Émérance akabaki ameinamia vyombo, uso ukimwaka. Alikuwa bado hajainuka Elsa alipokuja, gauni jeupe limekunjwa mkononi.

“Mama, mi nilikusikia pale uliposema ni Baba Kamaldine. Nilijua, nikanyamaza.” Alisita. “Jumamosi nikienda kwa padri, niungame ile zambi? Ao ni yako peke yako?”

Kuna aibu ya kuonwa na watu, na Émérance aliijua kama kila mtu anavyoijua. Hii ilikuwa nyingine. Miezi minane alikuwa amemsikiliza Elsa akikariri katekisimu, akimsahihisha kwa kumgonga gonga kichwani kwa kidole. Sasa mtoto alikuwa anauliza kwa dhati, amesimama pale, na mafundisho yote yalikuwa upande wake. Émérance alitamani ardhi ifunguke.

“Ni yangu,” alisema. “Kaa hapa.”

Kutoka mlangoni pake hadi kwa Mwamvita ni hatua thelathini. Alizipita siku zote bila kuzihesabu, akienda kuomba chumvi au moto. Leo kila hatua ilimtaka arudi. Alimkuta jirani yake mkekani, akichambua maharagwe, bakuli la buluu likiwa tupu kando yake. Alipiga magoti, akayasema yote, tangu mpapai hadi upawa, bila kujitetea, kwa sababu kila utetezi alioutafuta njiani ulikuwa umemfia mdomoni. Hata dakika ishirini za kwenda kwa Yakubu alizitaja.

Mwamvita aliendelea kuchambua mpaka maharagwe yakaisha kwenye ungo. Kisha akauliza: “Na Elsa alisikia?”

“Alisikia.”

“Mmh.” Akasukuma ungo kando. “Mi nilikula bila kujua. Mungu ananiona, sina zambi. Lakini Amisa iko mugonjwa, hakuwa anataka kula. Nilimulisha na mukono yangu. Nilimwambia, kula, dada, hii imetoka kwa mutu mi naamini.”

Alichukua birika, akatoka kibarazani, akasukutua kinywa mara tatu, polepole, bila hasira, kama mtu anayemaliza kazi yake. Émérance angependa atukanwe. Angependa afukuzwe mtaa mzima ukisikia, maana matusi yana mwisho.

“Rudi kwako,” alisema Mwamvita. “Padri wako bado iko amekaa.”

Jumamosi Émérance aliungama, akapewa rozari moja ya kusali. Aliisali mara saba. Mwamvita aliendelea kumsalimia kila asubuhi, kwa maneno yaleyale ya siku zote, na sauti yake ikiishia ukingoni mwa ua. Baada ya muda chumvi ikaanza kuazimwa tena. Elsa alikwenda kwa bibi yake kila siku kama zamani, akarudi na maandazi, na Émérance hakuthubutu kuuliza walizungumza nini.

Noeli ilipofika walinunua mbuzi mwingine, wakamfunga kwenye mpapai uleule. Émérance alimtuma Elsa kumwalika bibi, bila matumaini makubwa. Alfajiri ya sikukuu Kamaldine alikuwa mlangoni kabla hajaitwa. Alikuwa anavua koti lake Mwamvita alipoingia kwa mlango wa nyuma, amebeba kigoda chake mwenyewe.

“Nimekuja kusaidia kukata vitunguu,” alisema.

Vitunguu vilikuwa ndani, juu ya meza. Mwamvita alikiweka kigoda chake uani, kikiuelekea mpapai, akaketi, akaweka mikono mapajani. Kamaldine alimwona, akainamisha macho. Gaston aligeuka, akaenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika. Émérance alisimama kwenye kizingiti cha jiko, akamwona jirani yake akitazama kisu kikiinuliwa, akisikiliza jina la Mungu likitajwa, akitazama mpaka damu ikaisha kutiririka. Kisha mama yule akashusha pumzi, akageuka.

“Haya, lete vitunguu.”

Mchana wageni walikaa, ua ukajaa, padri akabariki chakula. Mwamvita alikaa mahali pake pa zamani. Alinawa, akavuta sahani, akaanza kula, tena kwa hamu, akimchekesha Elsa kwa hadithi ya kuku mwizi. Émérance alisimama mbele yake na upawa mkononi. Tangu alfajiri alikuwa na jibu la kweli mdomoni, na hakuna aliyemuuliza nani alichinja.