Mazulia Chini ya Dirisha la Mipango

Pigo la kwanza lilikuwa langu. Nilishika fimbo ya henzirani kwa mikono miwili, nikalicharaza zulia la mama mkwe, na vumbi likapanda hadi dirisha la ofisi ya mipango, ambako Mhandisi Rudzki alikuwa na wageni kutoka mji mkuu, Warszawa. Genia, jirani yangu wa mlango kwa mlango, akafuata. Kisha wakaja wengine. Kila ua wa mji wetu ulikuwa na chuma chake cha kutundikia mazulia, na Rudzki, aliyeuchora mji, aliweka kimoja chini ya dirisha lake mwenyewe.

Rudzki akachungulia. "Jamani, leo si Jumamosi."

"Uchafu hausomi kalenda, bwana mkubwa," Genia alimjibu.

"Tuna wageni humu."

"Na sisi tuna watoto," nilisema. "Funga dirisha usije ukakohoa."

Nilikuwa nimefika mji huo miaka kadhaa kabla, na diploma yangu ya maabara, kiwanda cha shaba kikiwa bado kinanuka rangi mpya. Kanuni ya nyumba ilikuwa nyepesi: mwenye mtoto alitangulizwa, asiye naye aliendelea kubanana kwenye bweni la kiwanda na kusikiliza wenzake wakikoroma. Basi tukazaa. Nani asingezaa? Mabwana walioandika kanuni hiyo ndio hao hao walioketi meza ya pili wakapiga hesabu kwamba mji wa vijana utatosheka na shule moja. Walitupa nyumba ili tuzae, halafu wakashangaa kuona vigari vya watoto vimeziba ngazi.

Jagoda wangu alipoanza darasa la kwanza, shule ilikuwa ikienda kwa zamu tatu, kama kiwanda. Yeye akaangukia ya mwisho. Asubuhi nilimvisha ufunguo shingoni, nikaenda kazini, naye akashinda peke yake hadi jua lilipokaribia kuzama, ndipo akaenda kujifunza kusoma.

Siku moja ya Novemba nilirudi nikamkuta kwenye ngazi, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mgongoni, amelala kichwa ukutani. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Nilikuwa nasubiri zamu yangu, mama," alisema. "Imefika?"

Ilikuwa imekwisha. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi mwalimu. Mwalimu alinitazama kwa macho mekundu ya uchovu. Hakujua kuwa Jagoda hakuwepo.

Sikumlaumu, darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Lakini nilitoka pale meno yamekazana. Mwanangu angeweza kuganda kwenye ngazi, na hakuna mtu ambaye angeona pengo lake.

Kiwanja cha shule ya pili kilikuwepo, nyuma ya majengo yetu. Wiki hiyo hiyo tukasikia kitageuzwa gereji za magari, na wageni wa Warszawa wanakuja kuidhinisha. Ndiyo maana tulikung'uta mazulia siku isiyo ya mazulia, hadi ndani wakashindwa kusikilizana.

Mwishowe Rudzki alishuka, leso puani. "Mama Wolska, wewe ni mtu wa sayansi. Hili ni wimbi tu la watoto. Litapita."

"Wimbi hilo lina jina," nilimwambia. "Linaitwa Jagoda, na juzi lililala kwenye ngazi za jengo letu. Unataka lipite liende wapi?"

Nikageuka nikaendelea kupiga, na wenzangu nao. Wageni waliondoka kabla ya chakula cha mchana, makoti yao yamepauka. Gereji hazikujengwa.

Shule nayo haikujengwa upesi. Mwaka huu saruji ilipelekwa kwingine, mwaka ule vioo vilikosekana, na watoto wakaendelea kuingia gizani na kutoka gizani. Hatimaye ilipofunguliwa, Rudzki, mvi zimemjaa, alinipa mkasi nikate utepe.

"Haya, Mama Wolska. Shule yenu hiyo."

"Mwanangu ana miaka kumi na tano," nilisema.

Akatabasamu kwa ajili ya mpiga picha. "Wajukuu watakuja."

Nilimrudishia mkasi wake. Nikamwambia nimeacha supu jikoni.

Jagoda anaishi ng'ambo sasa, Bremen. Ana mbwa wawili.