Nelima Auawa Mara Mbili Kabla ya Chai

Nelima alikuwa amemwahidi Odera, aliyekuwa mgonjwa kitandani katika hospitali ya Mulago, kwamba akifa hatavuka mpaka kurudi Kenya peke yake kama gunia la mahindi. Wakenya wote wa chama chao cha mazishi pale Nakawa wangemsindikiza mpaka Busia. Odera akacheka. Jumanne akafa.

Alhamisi saa moja asubuhi, Whitney, mjukuu wa Nelima, aliketi na kompyuta kuwatumia wanachama ujumbe. Programu aliiunda mwenyewe. Ndani yake, alivyomweleza bibi, mna karani anayesikiliza maneno unayomwandikia unapoiwasha: jina la marehemu, mahali, saa. Wiki iliyopita, akiijaribu, alichoka kuyaandika kila mara, akamwekea karani maneno mle mle ndani.

"Niweke jina la nani, Kukhu?" akamwuliza bibi.

"Langu. Mimi nimekataa kufa, halitaharibu kitu."

Sasa Whitney akaandika: Odera, Mulago, saa tatu. Kioo kikajibu: Imetumwa.

Nelima alikuwa akifunga kitambaa cheusi, Cleopas wa chamani akaingia uani analia, sukari kwapani. Alipomwona, sukari ikamwagika.

"Mama! Si umekufa?"

"Nasubiri chai kwanza. Nani kakwambia?"

Akamwonyesha simu. *Nelima amefariki. Tukutane kwake, Nakawa, saa tatu.*

Whitney akaandika upya, polepole, akitamka kila neno: Odera. Mulago. Akatuma. Simu ya Cleopas ikalia. Nelima amefariki.

"Mara mbili," bibi akasema, "na chai bado."

Ndipo Whitney akaifungua programu, akashika kichwa. Maneno ya majaribio hakuyafuta. Karani alikuwa akisoma hayo tu. Ya nje hata hakuyasikia.

Alipomaliza kuyafuta na kutuma tena, ua ulikuwa umejaa. Kila aliyeingia alipiga yowe la msiba, kisha jingine alipomwona marehemu anagawa viti. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nelima naye alicheka, jicho kwenye saa: saa tatu ilikuwa imeshapita. Gari la maiti lilikuwa na kibali cha mpaka cha siku hiyo tu, lisingeweza kuwangoja, na Adero, mjane wa Odera, simu yake ilikuwa imezimwa.

Saa nne na nusu Adero akapiga mwenyewe.

"Nimewasha simu sasa hivi, Mama, nikakuta umekufa. Nikasema, kumbe ndiyo maana hawakuja."

"Niko hai, mwanangu. Mmefika wapi?"

"Tumepita Mukono, tunaelekea mpakani."

"Uko na nani?"

"Na dereva."

Nelima akawatazama watu arobaini waliokuja kumlilia yeye. Chai ikaletwa. Hakuinywa.